Kufunika slaidi katika hewa kavu ya Dodoma

Slaidi, kile kioo kilichobebeshwa tishu nyembamba iliyopakwa rangi, imetoka kwenye zailini, kimiminika kinachoiandaa kwa gundi, ikiwa safi: viini vya seli ni vya bluu, sehemu inayovizunguka ni ya waridi, kuta za mishipa unaweza kuzihesabu. Dakika kumi baada ya kufunikwa kwa kava, kioo chembamba kinachogundishwa juu ya tishu, chini ya lenzi ya kukuza mara 40, viini vilevile vina madoa ya kahawia iliyoungua na vinang'aa kama mbao iliyopigwa vanishi. Ukizungusha skrubu ya kusawazisha picha, madoa yanageuka meusi. Mgeni wa kazi hulaumu hematoksilini, ile rangi ya bluu ya viini, kwamba haikuchujwa. Mwingine hudhani ni melanini, rangi nyeusi ya mwili wenyewe, au zile chembe nyeusi zinazoachwa na formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, ikiingia asidi. Kumbe ni hewa tu. Imenasa juu na ndani ya viini, na iliingia katika zile sekunde chache ambazo slaidi ilikuwa mkononi ikisubiri gundi.

Kosa hili lipo kila maabara duniani, lakini katikati ya Tanzania limepata hali ya hewa ya kulilea. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake nyingi hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki hewa ni kavu, upepo hautulii na vumbi linapenya hata dirisha lililofungwa. Aliyejifunzia kazi Dar es Salaam au Tanga, ambako alkoholi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa, anakuja na tahadhari za kule: anaogopa maji. Maji ni ya kuogopwa hapa pia. Lakini kwa miezi mingi ya mwaka kinachoharibu slaidi za Dodoma ni kukauka.

Gazeti la maandazi

Ili kuona kwa nini hewa kidogo hivyo inaleta balaa, angalia kipande cha gazeti kilichofungia maandazi. Palipolowa mafuta, karatasi imekuwa nusu kioo, maandishi ya upande wa pili yanasomeka. Nyuzi za karatasi bado zipo zote. Kilichoondoka ni hewa iliyokuwa katikati yake. Mwanga ukitoka kwenye hewa kuingia kwenye uzi hupinda, ukitoka tena hupinda, na baada ya mipaka elfu kadhaa unakuwa umetawanyika kila upande, ndiyo maana karatasi kavu ni nyeupe na haipitishi picha. Mafuta yanapinda mwanga karibu sawa na uzi wenyewe, kwa hiyo mwanga hauoni mpaka, unapita.

Tishu ni karatasi hiyo, na DPX, gundi ya kufunikia, ndiyo mafuta. Wataalamu wa mwanga wana namba ya kueleza ni kiasi gani kitu kinapinda mwanga. Hewa ni 1.00, maji 1.33, gliserini 1.47, zailini karibu 1.50, kioo cha slaidi karibu 1.52. DPX iliyokauka nayo ni karibu 1.52, na tishu iliyotolewa maji yote iko kati ya 1.53 na 1.54. Linganisha 1.52 na 1.53, halafu linganisha 1.00 na 1.53, utaona kwa nini kiputo cha hewa kisichozidi ukubwa wa kiini kinaonekana kama shimo lenye ukingo mweusi.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo wanafunzi hulisahau. Tishu isiyopakwa rangi ikifunikwa vizuri kwa DPX karibu inatoweka. Hilo si kosa, ndivyo inavyotakiwa: umeondoa kila kitu kinachotawanya mwanga, na kinachobaki kuonekana ni rangi peke yake.

Maji kwanza

DPX haichanganyiki na maji, na zailini haichanganyiki na maji. Alkoholi inachanganyika na vyote viwili, kwa hiyo ndiyo daraja. Baada ya eosini, ile rangi ya waridi, na suuza fupi, slaidi hupita kwenye alkoholi ya asilimia 95 mara mbili, kama sekunde 30 kila moja, kisha alkoholi ya asilimia 100 mara tatu, dakika 1 hadi 2 kila chombo, kisha zailini mara tatu, dakika 2 au zaidi. Hiyo ya asilimia 95 isicheleweshwe, kwa sababu eosini inavuja kwenye alkoholi yenye maji. Katika zile za asilimia 100 eosini imeshatulia, hapo hakuna haraka, na ndipo watu wanapofanya haraka.

Kinachoua alkoholi ya asilimia 100 ni reki yenyewe, kile kishikio cha kuzipanga slaidi. Reki ya slaidi 20 inabeba maji kwenye kila kona, kwenye mpini, kati ya slaidi na slaidi. Iinamishe juu ya karatasi ya kufyonza kwa sekunde kumi kabla ya kuihamisha. Chombo cha kwanza kikichoka kimwage kwenye taka zake, sogeza cha pili na cha tatu mbele, weka alkoholi mpya ya mwisho. Usiongeze mpya juu ya kuukuu. Kujua kama imeingia maji, tumbukiza kidogo ya salfeti ya shaba iliyokaushwa: ni unga mweupe, na ukikuta maji unageuka bluu. Njia ya haraka zaidi ni kuangalia zailini ya kwanza. Slaidi ikiingia humo ikatoa wingu jeupe kama maji ya mchele, bado ina maji. Hapo kuifuta hakusaidii. Irudishe kwenye alkoholi ya asilimia 100 iliyo mpya, kisha uanze tena zailini.

Maji ya bomba ya Dodoma, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Mzakwe, yana chumvichumvi ambayo kila mwenye birika la umeme anaijua. Kwa kugeuza hematoksilini iwe bluu, maji magumu yanafaa sana, kazi inaisha ndani ya dakika chache bila kuongeza dawa. Tatizo linakuja slaidi ikiachwa ikaukie na maji hayo: yanaacha fuwele ndogo zinazometa ambazo wala alkoholi wala zailini haiziondoi vizuri. Suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyotoneshwa.

Sekunde za hewa

Sasa turudi kwenye ile slaidi ya madoa. Kipande cha tishu kina unene wa mikroni 3 hadi 5 (mikroni moja ni 0.001 mm). Zailini iliyomo ndani yake ni chache mno, na ile iliyo juu yake ni utando mwembamba. Ukiishika slaidi hewani, utando wa juu unaondoka kwanza. Uso wa tishu unapoteza ule mng'ao wa kulowa na kuwa kama chaki, kuanzia kingo kuelekea katikati. Hapo zailini imeanza kutoka kwenye vitundu vya ndani pia, na nafasi yake inachukuliwa na hewa. Ukiweka DPX sasa, haisaidii kitu. Ni nzito, haiwezi kuisukuma hewa itoke kwenye vitundu vya ukubwa huo. Inaifungia humo.

Kwa hiyo sheria ni moja: tishu isiache kung'aa. Reki ibaki ndani ya zailini, toa slaidi moja, ifunike, ndiyo utoe nyingine. Wanaotoa kumi na kuzipanga mezani ili "kazi iende" wanafunika ya kwanza ikiwa nzuri na ya kumi ikiwa imeshaharibika. Mwezi wa Septemba, saa nane mchana, usitegemee zaidi ya sekunde 15 tangu slaidi itoke hadi gundi iifikie tishu.

Na zima pangaboi. Watu huliwasha wakidhani linawaondolea harufu ya zailini, kumbe linauzungusha mvuke uleule chumbani na kukausha slaidi. Kinachoondoa mvuke ni kabati lenye feni ya kuutoa nje ya jengo, na hilo lisizimwe. Nalo linavuta hewa juu ya slaidi, ni kweli, ila dawa yake ni kuweka chombo cha zailini, DPX na kava karibukaribu, mkono usisafiri.

Gundi inayovuta kama mlenda

DPX imo maabara tangu 1939, ilipoelezwa na Kirkpatrick na Lendrum. Kabla yake gundi kuu ilikuwa balsamu ya Kanada, utomvu wa mti wa jamii ya misonobari, ambayo huwa ya manjano kadiri miaka inavyokwenda na asidi yake hufifisha rangi. Herufi tatu za DPX zinataja vilivyomo: plastiki ya jamii ya polistirini, kilainishi chake, na zailini ya kuviyeyusha. Kanuni iliyozoeleka ni gramu 10 za plastiki, mililita 5 za kilainishi na mililita 35 za zailini.

Ukiiangalia kanuni hiyo vizuri inakueleza karibu kila kosa la kufunika. Kwa ujazo, kama asilimia 70 ya unachokiweka kwenye slaidi ni zailini, na yote itaondoka. Chukua kava ya milimita 24 kwa 50. Eneo lake ni milimita mraba 1,200. Ukitaka tabaka la gundi mbichi la unene wa 0.05 mm, unahitaji mikrolita 60 (mikrolita moja ni milimita moja ya ujazo), matone mawili hivi ya kijiti cha kioo. Likikauka linabaki takriban 0.015 mm, nalo linaifunika tishu ya mikroni 4 kwa raha. Ukibana matumizi ukaweka mikrolita 24, tabaka bichi ni 0.02 mm na likikauka ni 0.006 mm, limeipita tishu kwa mikroni mbili tu. Baada ya wiki moja utaona hewa inatambaa kutoka kingoni kama ramani ya mto. Kava ndogo ya milimita 22 kwa 22 inatosheka na tone moja.

Chupa ikifunguliwa mara kwa mara kwenye hewa ya Dodoma, zailini inapungua na gundi inanenepa. Jinsi ya kuipima ni rahisi. Chovya kijiti cha kioo, kiinue. DPX nzuri inadondoka tone zima, polepole kama asali ya joto. Ikivuta uzi mrefu kama mlenda, imeshachelewa: viputo vinanasa ndani na havitoki, na kava inakaa juu ya kilima. Ongeza zailini kidogo kidogo, koroga taratibu bila kutikisa, iache usiku mzima imefungwa ili viputo vipande juu. Ukizidisha zailini umeharibu hesabu ya hapo juu, gundi itasinyaa kuliko kawaida na kuacha mianya. Ni nafuu kumimina ya siku chache kwenye kichupa kidogo na kuiacha chupa kubwa imefungwa.

Mkono unavyokwenda

Tandaza karatasi ya kufyonza. Weka kava juu yake, tone au matone ya DPX katikati. Toa slaidi kwenye zailini kwa koleo, gusisha ukingo wake kwenye karatasi ili ziada iondoke, futa nyuma kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Mbele usiguse. Geuza slaidi, tishu itazame chini, iteremshe juu ya kava kwa kuinamisha: ukingo mmoja utangulie kugusa, kisha uwe unalaza upande wa pili. Gundi inagusa, inaivuta kava, na utaona mstari wa gundi ukitembea ukisukuma hewa mbele yake. Huo mstari ndio wa kuutazama. Ukitembea sawasawa, endelea kulaza. Ukikimbia upande mmoja, subiri ujisawazishe. Kisha geuza slaidi iwe juu.

Wengine hufanya kinyume, wanatia gundi kwenye slaidi na kuteremsha kava kwa pembe ya nyuzi 45 wakiishikilia kwa sindano. Ni sawa kwa mikono iliyozoea. Kwa hewa kavu njia ya kwanza ni bora, kwa sababu gundi imeshakuwa mahali pake kabla tishu haijatoka kwenye zailini.

Kiputo kikibaki, kisukume kwa ncha butu ya koleo kuelekea ukingo wa karibu, kwa mguso mwepesi. Wanaobonyeza kwa nguvu hutoa gundi nje pamoja na kiputo, na wakiachia, kava inainuka na kuvuta hewa mpya. Kiputo kimoja kando, mbali na tishu, kiache. Kikiwa juu ya tishu, rudisha slaidi kwenye zailini, kava idondoke yenyewe, uanze upya; gundi ikiwa mbichi ni suala la dakika.

Lenzi inaona unene

Lenzi nyingi za hadubini ya maabara zimeandikwa 0.17 ubavuni. Hiyo ni milimita za kioo ambazo mtengenezaji alitarajia ziwe kati ya lenzi na tishu, na gundi iliyo juu ya tishu inahesabiwa humo. Kava namba 1 ina 0.13 hadi 0.16 mm, namba 1½ ina 0.16 hadi 0.19 mm. Ndiyo maana kwa slaidi za tishu namba 1 ni chaguo zuri: ukijumlisha na gundi unaikaribia 0.17. Tone likizidi, tabaka linakuwa la 0.1 mm au zaidi, na lenzi ya 40 inatoa picha yenye ukungu ambayo hakuna skrubu inayoisafisha. Lenzi ya 4 na ya 10 hazijali, kwa hiyo mtu hulaumu lenzi ya 40 kwamba imechafuka, anaifuta na kuifuta. Kabla ya kuifuta, angalia kama slaidi haikuwekwa kichwa chini. Kioo cha slaidi kina unene wa milimita 1 hivi, na lenzi ya 40 haiwezi kuifikia tishu kupitia humo.

Kukausha, na moto

Slaidi zilazwe bapa usiku mzima, au kwenye oveni ya nyuzi 37 hadi 40. Zikisimamishwa mapema kava zinateleza. Zifunikwe kwa trei, maana vumbi likitua kwenye gundi mbichi ya ukingoni litabaki hapo daima. Juani zisianikwe hata kama zinahitajika leo: joto la ghafla linachemsha zailini iliyo ndani na kuleta viputo, na mwanga wa jua unafifisha eosini. Kama daktari ana haraka, slaidi mbichi inasomeka kwa lenzi kavu, isiyowekewa mafuta, ilimradi isiinamishwe.

Jambo la zailini ambalo hali ya hewa ya hapa inaligeuza kuwa zito ni moto. Mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia joto la nyuzi 27 hadi 32 hivi, kutegemea mchanganyiko. Chumba cha Dodoma mchana wa Oktoba au Novemba kiko humo humo. Taa ya spiriti au jiko la umeme lenye waya wazi halina nafasi kwenye meza hiyo. Glavu za mpira za kawaida zinalainika haraka. Za nitrili zinastahimili zaidi kidogo, lakini zikilowa zibadilishwe mara moja. Zailini iliyochoka iwekwe kwenye chombo chake chenye kifuniko na lebo, isimwagwe kwenye sinki.

Lebo ya slaidi yenyewe iandikwe kwa penseli kwenye ile sehemu yenye ukungu. Kalamu ya wino huondoka na alkoholi, na hapo umebaki na tishu nzuri ya mgonjwa asiyejulikana.

Kuna slaidi ambazo hazipaswi kuiona zailini kabisa. Mafuta yaliyopakwa rangi nyekundu ya mafuta au sudani yanayeyuka ndani yake, kama yanavyoyeyuka wakati wa kutengeneza bloku ya nta ya kukatia tishu, ndiyo maana kwenye slaidi ya kawaida seli ya mafuta ni duara tupu. Hizo zinafunikwa kwa jeli ya gliserini iliyoyeyushwa kwa joto dogo, moja kwa moja kutoka kwenye maji. Picha inakuwa hafifu kidogo, 1.47 si 1.52, na kwa ukavu wa hapa jeli inasinyaa kingoni ndani ya siku chache. Rangi ya kucha, ikipakwa mara mbili kuzunguka kava yote, inaizuia.

Na ile slaidi ya viini vyenye madoa haijafa. Ilaze kwenye zailini hadi kava iteleze yenyewe, bila kuichokonoa: iliyofunikwa leo ni saa moja au mbili, ya mwaka jana inaweza kuchukua siku kadhaa. Ibadilishie zailini ili gundi yote itoke. Ishushe kwenye alkoholi ya asilimia 100, kisha 95, kisha maji, ikae humo dakika chache. Ni maji yanayoingia kwenye vile vitundu na kuitoa hewa, zailini peke yake haiiwezi. Eosini itakuwa imepungua, irudishie sekunde 30. Kisha ipande tena ngazi zote za alkoholi na zailini, pangaboi likiwa limezimwa, na DPX ikiwa tayari juu ya kava.